Kutoka burse hadi minervali: mwanafunzi anayetumika alisahauliwa wapi?



Kila mwaka, wakati wa kuandikisha, neno moja linarudi katika mazungumzo yetu: "Zamani serikali ililipa mwanafunzi, leo mwanafunzi ndiye analipa." Ni kweli. Lakini tukiishia pale, tunaacha jambo la maana zaidi. Mwenye kulipa alibadilika, ila kanuni za chuo zilibaki zile za mwanafunzi wa zamani, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma tu. Anayeumia leo ni yule anayesoma huku anatumika: mwalimu wa shule, mama wa soko, mkulima. Turudi nyuma kidogo.

Lovanium ilianza Léopoldville mwaka 1954. Chuo kikuu cha serikali kikafuata Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Wanafunzi walikuwa wachache, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 ilihitaji haraka watu wenye diploma. Burse, ile feza ya serikali ya kumsaidia mwanafunzi kula, kulala na kusoma, haikuwa sadaka. Serikali ilikuwa inajitayarishia wafanyakazi wake.

Hata hivyo tusiseme ilikuwa paradiso. Matengenezo ya feza ya Juni 1967 yaliteremsha thamani ya burse. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, na kuongezewa burse ilikuwa moja ya madai yao. Askari wakapiga risasi, wanafunzi wengi wakafa. Mwaka 1971, walipotaka kukumbuka wafu wao, Lovanium ilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Agosti ya mwaka ule vyuo vikuu vyote 3 viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA.

Chini ya UNAZA, fakilte ziligawanywa katika nchi. Agronomia ilipelekwa Yangambi, kwenye mto Kongo, upande wa Kisangani. Wenzangu wa agronomia, piga hesabu: kijana wa Kamina avuke nusu ya nchi ili asomee udongo na mihogo! Mpango kama ule uliwezekana juu ya serikali ilibeba mzigo. Mkulima wa Haut-Lomami peke yake asingeuweza.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, vikabaki vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Miaka ile nchi ilikuwa imelemewa na madeni, matumizi ya serikali yakakatwa, burse ikaendelea kukonda. Mwaka 1989 mlango ulifunguliwa kwa vyuo vya watu binafsi. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilishambuliwa, wanafunzi wakauawa, na Ubelgiji ikasimamisha msaada wake kwa Zaïre. Kisha feza yenyewe ikaanguka: Oktoba 1993, zaïre mpya 1 ilibadilishwa na za zamani milioni 3. Burse gani ingesimama pale?

Wakati ule ule mzazi akaanza kuziba pengo. Mwaka 1992, walimu wa shule walipogoma, Kanisa Katoliki na wazazi walipatana kwamba wazazi wachangie malipo ya walimu. Ilikuwa dawa ya dharura, lakini ikageuka desturi. Kwa shule za msingi, serikali ilirudi mwaka 2019 na elimu ya bure. Kwa chuo kikuu haikurudi. Januari 2020, malipo yalipopandishwa, wanafunzi wa Kinshasa waliingia tena barabarani.

Sasa angalia kalenda ya kwetu. Masomo yanafunguliwa karibu na mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ni mvua ya kwanza, feza yote ya nyumba iko shambani: mbegu, mbolea, watu wa kulima. Mahindi yatavunwa mwezi wa tatu au wa nne. Chuo kinadai sehemu ya kwanza ya malipo wakati mkulima hana kitu, na asiyelipa anazuiliwa mtihani. Kalenda hii haikumsumbua mwanafunzi wa burse, maana hakulipa kutoka shambani. Leo shamba ndilo burse yetu, lakini kalenda haijui.

Kuko masomo ya jioni katika vyuo kadhaa vya mijini. Lakini mchana au jioni, kwa kawaida unaandikishwa mwaka mzima, unadaiwa mwaka mzima. Ukikosa nafasi ya kufuata masomo yote, feza haipungui.

Majirani walifanya nini? Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, juu ya watu wanaosoma bila kuacha kazi. Kenya iliunda bodi ya mikopo, HELB, mwaka 1995, na iko na mkopo wa walioajiriwa wanaoendelea kusoma. Tanzania pia ina bodi ya mikopo kwa sheria ya mwaka 2004, ingawa mikopo yake ililenga zaidi wasio na ajira. Hata kule mwanafunzi anayetumika hakupata yote, ila jina lake liko kwenye karatasi.

Sisi leo tuko na mlango mmoja ambao wakubwa wetu hawakuwa nao: LMD. Katika mfumo huu mwaka unahesabiwa kwa krediti 60, na lisansi ni krediti 180. Basi mwalimu wa Kamina anayeweza krediti 30 kwa mwaka, alipe za 30. Asome miaka 6 badala ya 3, lakini amalize. Na mtoto wa mkulima aruhusiwe kulipa sehemu kubwa nyuma ya mavuno, kwa barua iliyosainiwa mwanzoni mwa mwaka, bila kufukuzwa mtihanini.

Mambo haya mawili hayangoji burse irudi kutoka Kinshasa. Yanahitaji chuo, kamati ya wanafunzi na chama chetu wakae meza moja kabla ya mwezi wa kumi. Mnaofundisha vyuoni, mnaojua mahesabu ya kule, andikeni hapa chini: inazuiliwa na nini?