Machozi ya Mabati

Ewe msomaji, mji wa Nakuru umeinuka mita 1,850 hivi juu ya bahari, na usiku wake una baridi. Alfajiri ingia katika kibanda cha mabati kilichofungwa usiku kucha: utaona paa ladondosha maji, ingawa mvua haikunyesha. Yametoka wapi? Ni mvuke uliomo hewani, utokao ardhini na katika pumzi. Ukigusa bati lililopoa hugeuka matone.

Wazee wa bonde hili hawakuyajua machozi hayo. Nyasi nene za paa zilizuia baridi, na kuta zilizokandikwa udongo zilinyonya unyevu, zikautoa tena jua lilipowaka.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, nayo ikaleta mabati, yaliyobuniwa Uingereza mwaka 1829. Yalikuwa mepesi, hayakushika moto wala hayakuliwa na mchwa. Watu wakayapenda, wakasahau kwamba bati halizuii baridi wala halinyonyi maji.

Basi, ukijenga kibanda cha bustani kwa fedha kidogo, yaunganishe mambo hayo mawili. Ezeka bati, chini yake weka dari ya mbao au matete, na kati yake acha nafasi yenye matundu upenuni pande zote mbili, upepo uchukue mvuke. Inua sakafu. Usipofanya hivyo, mbegu ulizoziweka zitaota ukungu kabla hujazipanda, na jasho la mwaka mzima litapotea.