Profesa Abass Alavi na Picha ya Ubongo Ulio Hai

Mtajie mgonjwa wa hapa Pwani neno "nyuklia" na kwanza atafikiria bomu. Daktari akimwambia aende Nairobi akapigwe picha ya PET, atauliza mambo mawili: ni kitu gani hicho, na je, hakitanidhuru? Majibu ya maswali hayo yamo katika kazi ya Profesa Abass Alavi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mmoja wa madaktari walioanzisha njia hii ya kutazama ubongo na mwili.

Kutoka Tabriz hadi Philadelphia

Alavi alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Tabriz, kaskazini magharibi mwa Iran, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Tehran na kuhitimu mwaka 1964. Miaka miwili baadaye alihamia Marekani kuendelea na masomo.

Hakuingia moja kwa moja katika fani iliyompa jina. Alianza na magonjwa ya ndani, akasoma magonjwa ya damu, kisha radiolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na idara ya tiba ya nyuklia ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Huenda mzunguko huo ulimsaidia, kwani alipokuja kushika mashine alikuwa ameshakaa na wagonjwa wa kila aina.

Tiba ya nyuklia ni nini?

Eksirei hupitisha mionzi kutoka nje ya mwili na kuonyesha umbo la kilichomo ndani: mfupa umevunjika au haukuvunjika. Tiba ya nyuklia hufanya kinyume. Mgonjwa hupewa dawa kidogo sana yenye mionzi, kwa kawaida kupitia mshipa, na mashine iliyo nje huangalia dawa hiyo imekwenda wapi. Kinachoonekana hapo ni kazi inayofanywa na kiungo, si umbo lake tu. Moyo, figo au ubongo unaweza kuwa na umbo zuri kabisa na bado kazi yake ikawa imepungua.

Ubongo ndio uliowashinda madaktari kwa muda mrefu. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu zote za mwili, na chakula chake kikuu ni sukari. Kwa hiyo anayeweza kuona sukari inakwenda wapi ndani ya ubongo ataona sehemu zipi zinafanya kazi na zipi zimelegea.

Mwanasayansi Louis Sokoloff, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alikuwa amegundua njia ya kupima jambo hilo kwa wanyama, akitumia sukari iliyobadilishwa kidogo na kutiwa mionzi. Lakini ilibidi mnyama auawe na ubongo wake ukatwe vipande vyembamba ndipo picha ipatikane. Kwa binadamu njia hiyo haikuwezekana. Ilihitajika sukari ambayo mionzi yake ingeonekana kutoka nje ya fuvu.

Agosti 1976

Huko Philadelphia, Martin Reivich, daktari wa mishipa ya fahamu, na David Kuhl, bingwa wa kupiga picha za nyuklia, walishirikiana na Sokoloff na wanakemia wa maabara ya Brookhaven, karibu na New York. Waliamua kuipachika sukari ile chembe ya florini-18. Huko Brookhaven, Mjapani Tatsuo Ido akiwa na Alfred Wolf na Joanna Fowler walifaulu kuitengeneza. Jina lake refu ni fluorodeoksiglukosi. Madaktari huiita FDG.

Seli huipokea FDG kwa mlango uleule wa sukari ya kawaida na kuanza kuichakata, kisha kazi hukwama. FDG haiwezi kuendelea kuunguzwa, nayo hukaa palepale. Kila seli yenye njaa kubwa ya sukari hujikusanyia FDG nyingi, na mashine huiona iking'aa.

Tatizo lilikuwa muda. Kila baada ya dakika 110, nusu ya mionzi ya florini-18 huwa imekwisha. Ilibidi FDG itengenezwe Brookhaven, ipakiwe kwenye ndege ndogo na kufikishwa Philadelphia kabla haijapoa. Mnamo Agosti 1976 shehena ilifika, na Alavi ndiye aliyewadunga sindano watu wawili wazima wa afya waliojitolea. Kwa mara ya kwanza FDG iliingia katika mwili wa binadamu, na picha za ubongo zikapatikana. Siku hiyohiyo ilipigwa pia picha ya mwili mzima. Mashine zilizotumika hazikuwa hata za PET. Zilikuwa za zamani, na picha zake zilikuwa hafifu. Ila njia ilikuwa imefunguka.

Kutoka ubongo hadi kidole cha mguu

Katika miaka iliyofuata, Alavi na wenzake waliutazama ubongo wa uzeeni, wa wagonjwa wa kusahau, wa walioumia kichwa na wa wenye maradhi ya akili. Katika ugonjwa wa Alzheimer, picha za FDG huonyesha sehemu za pembeni na za nyuma ya ubongo zikitumia sukari kidogo kuliko kawaida. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa, sehemu ambako degedege huanzia huonekana imefifia wakati ambapo mgonjwa hana degedege, na hilo humsaidia daktari anayepanga upasuaji.

Jambo hili linatuhusu. Katika mitaa yetu, mzee anayepotea njia ya kurudi nyumbani huambiwa amerudi utotoni, na mtoto wa kifafa huambiwa ana mashetani. Picha hizi haziponyi, lakini zinaonyesha wazi kuwa kuna kiungo kinachougua, kama vile ini au figo inavyougua. Mwenye kuona hivyo hatamficha mgonjwa wake chumbani.

Saratani ndiyo iliyoipeleka FDG duniani kote, kwa kuwa vivimbe vingi vya saratani vina uchu wa sukari. Alavi aliisukuma mbele zaidi: kutafuta usaha uliojificha kwenye mifupa, katika viungo vya bandia na katika mguu wa mgonjwa wa kisukari, na kuchunguza uvimbe katika kuta za mishipa ya damu. Kabla ya hapo, mwaka 1977, yeye na wenzake walikuwa wameeleza njia ya kutumia dawa ya teknishiamu kugundua mahali utumbo unapovuja damu. Mwaka 2004 chama cha wataalamu wa tiba ya nyuklia cha Marekani kilimpa tuzo ya Georg Charles de Hevesy, mojawapo ya heshima kubwa za fani hiyo.

Hakuwa mtu wa kufuata mkumbo. Watafiti wengi walipoelekea kwenye picha zinazotafuta utando wa amiloidi kama alama ya Alzheimer, yeye na baadhi ya wenzake waliandika kupinga. Walisema picha hizo hazilingani vyema na hali halisi ya mgonjwa, na kwamba FDG inaeleza zaidi jinsi ubongo unavyofanya kazi. Wapo wataalamu wengi wasiokubaliana naye, na mjadala haujafungwa.

Na sisi huku?

Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza huduma ya PET pamoja na saiklotroni, mtambo wa kutengenezea florini-18. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ina kituo chake. Sasa fanya hesabu ya dakika 110. FDG ikitoka Nairobi kwa treni ya saa tano, itafika Mombasa ikiwa imebaki na kama asilimia 15 tu ya nguvu zake. Kwa ndege ya saa moja, itabaki na karibu asilimia 68. Kwa hiyo anayedai huduma hii isogezwe Pwani asiishie kudai mashine. Adai pia saiklotroni, au ndege ya uhakika kama ile ya Philadelphia.

Kuhusu madhara, mionzi ipo na daktari hupaswa kupima faida yake kabla ya kukuandikia. Hata hivyo, baada ya siku moja karibu yote huwa imekwisha. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha amwambie daktari mapema. Mwenye kisukari pia aseme, kwa kuwa sukari ikiwa juu kwenye damu huharibu picha. Utatakiwa ukae na njaa kwa saa kadhaa, kazi ndogo kwa aliyezoea saumu. Maji unaruhusiwa, ila dafu na chai ya sukari uviache. Ukishadungwa utaambiwa utulie bila kuzungumza sana, maana hata msuli unaotumika hujivutia sukari.

Watu wawili walikubali kudungwa dawa ambayo hakuna binadamu aliyewahi kupewa, mkononi mwa daktari mhamiaji aliyekuwa na umri wa miaka 38. Leo mamilioni ya wagonjwa hupitia njia hiyo. Ukiandikiwa nawe, muulize daktari wako maswali yote uliyo nayo, kisha usiache kwenda kwa sababu ya kuogopa jina.