Maili za ndege: bei ya tiketi ya zawadi ikipanda bila taarifa

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaofuata mzigo Guangzhou, Dubai au Istanbul, pamoja na wenye malori wanaofuata spea Sharjah, ni miongoni mwa abiria wanaosafiri mara nyingi zaidi katika ukanda huu. Wengi wao wana kadi ya uanachama ya shirika la ndege na kila safari huwaongezea maili. Mipango yao huwa kwamba maili zikitosha, safari moja ya mwaka itakuwa ya bure na fedha ya nauli itaingia kwenye mzigo.

Tatizo hutokea siku ya kukata tiketi hiyo. Maili zilizotosha mwezi uliopita hazitoshi tena. Hakuna barua pepe iliyotumwa wala tangazo lililotolewa, bali bei imepanda tu. Makala hii inaeleza kwa nini jambo hili hutokea, njia zinazotumika, sheria inasemaje na hatua ambazo msafiri anaweza kuchukua.

MAILI NI NINI HASA

Programu za aina hii zilianza kushika kasi Marekani baada ya sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa serikali kwenye nauli na njia za ndege. Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha AAdvantage, na United ikafuata mwezi huo huo. Leo karibu kila shirika kubwa lina programu yake. Zinazojulikana zaidi kwa wasomaji wetu ni Skywards ya Emirates, ambayo pia hutumiwa na flydubai tangu 2018, ShebaMiles ya Ethiopian, Privilege Club ya Qatar Airways, Miles&Smiles ya Turkish na Asante Rewards ya Kenya Airways.

Mwanachama hupata maili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusafiri. Ya pili ni kutumia kadi ya benki au huduma nyingine iliyoingia mkataba na shirika. Benki hununua maili hizo kwa fedha taslimu na kuwagawia wateja wake. Kwa mashirika ya Marekani biashara hii ya pili ndiyo kubwa. Mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya korona, United ilitumia programu yake kama dhamana na kukopa dola bilioni 6.8. Delta ilifanya hivyo kwa dola bilioni 9, na Machi 2021 American ikapata dola bilioni 10.

Ni muhimu kuelewa kwamba maili si fedha. Shirika ndilo linalozitoa, ndilo linalopanga zinanunua nini, na ndilo linaloamua zitakwisha muda lini. Katika programu nyingi masharti husema wazi kwamba maili si mali ya mwanachama.

KWA NINI BEI HUPANDISHWA

Kwa kanuni za uhasibu za kimataifa, IFRS 15 zilizoanza kutumika Januari 2018, sehemu ya nauli inayohusu maili haihesabiwi kuwa mapato siku tiketi inapouzwa. Huwekwa kando kama deni mpaka mteja atumie maili zake au ziishe muda. Kwa hiyo kila maili iliyo kwenye akaunti yako ni wajibu ambao shirika bado halijautimiza.

Maili zikitolewa kwa wingi kupitia kadi za benki huku viti vya zawadi vikibaki vile vile, wajibu huo hukua. Shirika lina njia mbili: kuongeza viti, au kupandisha idadi ya maili zinazotakiwa kwa kila kiti. Njia ya pili haina gharama kubwa. Kiuchumi ni sawa na mfumuko wa bei, isipokuwa hapa anayechapisha noti na anayepanga bei dukani ni mtu mmoja.

Kutotoa taarifa nako kuna sababu yake. Shirika likitangaza miezi mitatu kabla, wanachama hukimbilia kukata tiketi kwa bei ya zamani na viti vya zawadi huisha. Likinyamaza, mbio hizo hazitokei, na hasara yote huangukia kwa aliyekuwa akingoja.

NJIA TANO ZINAZOTUMIKA

1. Kubadilisha jedwali la bei. Machi 2016 Alaska Airlines ya Marekani ilipandisha usiku mmoja bei za tiketi za zawadi za daraja la kwanza la Emirates zilizokuwa zikinunuliwa kwa maili zake. Waliokuwa wamekusanya kwa miaka kwa ajili ya safari hiyo waliamka na kukuta hazitoshi.

2. Kuondoa jedwali kabisa. Februari 2015 Delta iliondoa majedwali yake kwenye tovuti. United iliachana na jedwali kwa safari za kuanzia 15 Novemba 2019, na American ikafanya hivyo mwaka 2023 kwa ndege zake yenyewe. Bila jedwali, bei hufuata siku, msimu na mahitaji, na mwanachama hana karatasi ya kulinganisha jana na leo. Juni 2023 United ilipandisha bei za safari nyingi za nje bila kutangaza, na wanachama waligundua walipofanya utafutaji.

3. Kupunguza viti vya bei ya chini. Bei ya "kuanzia" inabaki pale pale kwenye matangazo, lakini viti vyake havionekani siku unazotaka, hasa Desemba au wakati wa maonyesho ya Canton, Aprili na Oktoba.

4. Kuongeza tozo. Idadi ya maili haibadiliki, ila fedha taslimu unayolipa juu yake, inayoitwa tozo ya shirika au ya mafuta, inaongezwa.

5. Kupunguza maili unazopata. Mashirika mengi yameacha kuhesabu umbali na sasa huhesabu fedha uliyolipa. Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo wakati huo ilitumiwa pia na Kenya Airways, ilihamia mfumo huo Aprili 2018, na Juni mwaka huo huo ikaacha jedwali la bei. Programu hiyo ilitoa taarifa miezi kadhaa kabla, jambo linaloonyesha kwamba taarifa inawezekana. Mnunuzi wa tiketi ya bei nafuu ndiye anayeumia zaidi katika mfumo huu.

Ni haki kusema pia kwamba bei hushuka mara chache. Novemba 2020 Qatar Airways ilipunguza idadi ya maili zilizotakiwa kwa tiketi za zawadi, kwa baadhi ya safari karibu nusu.

HESABU YA KUJUA UMEPOTEZA KIASI GANI

Njia rahisi ni hii: chukua nauli ya fedha ya safari hiyo, toa kodi na tozo utakazolipa kwenye tiketi ya zawadi, kisha gawanya kwa idadi ya maili.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, nauli ni dola 900, kodi na tozo ni dola 220, na tiketi ya zawadi ni maili 40,000. Dola 680 zikigawanywa kwa 40,000, kila maili inakuwa na thamani ya senti 1.7 za dola. Bei ikipanda kufikia maili 55,000 na mengine yote yakabaki vile vile, thamani inashuka hadi senti 1.2. Mwenye maili 40,000 alikuwa na safari nzima mkononi. Sasa anahitaji nyingine 15,000. Kwa anayepata maili 5,000 kwa kila safari, hizo ni safari tatu zaidi za kulipia.

SHERIA INASEMAJE

Kesi mbili za Mahakama Kuu ya Marekani zinatoa picha. Katika American Airlines dhidi ya Wolens, iliyoamuliwa mwaka 1995, wanachama walilalamikia masharti yaliyobadilishwa mwaka 1988 na kutumika hata kwa maili walizokwisha kuzipata. Mahakama ilisema hawawezi kutumia sheria za majimbo za kulinda walaji, lakini wanaweza kudai kwamba mkataba umevunjwa. Mwaka 2014, katika Northwest dhidi ya Ginsberg, majaji wote walikubaliana kwamba mwanachama hawezi kudai zaidi ya mkataba kwa hoja ya nia njema. Maana yake ni kwamba ulinzi wako ni maandishi ya mkataba, na mkataba wenyewe mara nyingi humpa mwenye programu ruhusa ya kubadilisha bei wakati wowote.

Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliziandikia American, Delta, Southwest na United kuzitaka zitoe kumbukumbu na maelezo kuhusu kushushwa kwa thamani ya maili, bei zisizo wazi na tozo za ziada.

Kwa upande wetu, Kenya ina Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003. COMESA nayo ina chombo cha ushindani na ulinzi wa walaji chenye makao Lilongwe, kilichoanza kazi 2013. Tanzania si mwanachama wa COMESA, hivyo mfanyabiashara wake huanzia Tume ya Ushindani au baraza la watumiaji wa usafiri wa anga lililo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lalamiko lenye nguvu zaidi si la bei kupanda, bali la tangazo lililosema bei moja huku nyingine ikitozwa. Kwa hilo unahitaji ushahidi.

MFANYABIASHARA AFANYE NINI

- Usiweke akiba ya muda mrefu kwa maili. Kusanya kwa lengo la safari moja, na zikitosha kata tiketi. Skywards, kwa mfano, maili zake hudumu miaka mitatu, kwa hiyo kungoja kuna hasara mbili: bei na muda.

- Weka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi andika maili ulizonazo na bei ya safari unayoitaka, na piga picha ya skrini yenye tarehe.

- Kata mapema, kisha badilisha. Programu nyingi huruhusu kubadilisha tarehe au kurudisha maili kwa ada. Soma ada hiyo kwanza. Mara nyingi ni ndogo kuliko hasara ya bei kupanda.

- Usinunue maili bila tiketi. Ofa za kununua maili kwa punguzo zina maana pale tu unapoona kiti kipo na unakikata siku hiyo hiyo.

- Linganisha programu za muungano mmoja. Ethiopian na Turkish zote ziko Star Alliance, hivyo safari ya Ethiopian inaweza kuhesabiwa kwenye programu nyingine ya muungano huo. Chagua moja na ubaki nayo, kwani maili zilizotawanyika kwenye kadi nne hazinunui kitu.

- Uliza habari ya mizigo. Kwa anayebeba sampuli au spea, kilo za ziada zinaweza kuwa na thamani kuliko kiti. Hakikisha uzito unaoruhusiwa kwenye tiketi ya zawadi kabla ya kulipa.

- Kampuni za usafirishaji zinazosafirisha wafanyakazi wengi ziulize programu za kampuni, kama ile ya Emirates, ambapo kampuni hupata pointi zake na msafiri hubaki na maili zake.

- Chagua nauli kwanza, maili baadaye. Tiketi iliyo nafuu kwa dola 120 leo ni faida ya hakika. Maili utakazopata kwa kulipa zaidi zitakuwa na thamani ambayo shirika litaipanga siku utakapotaka kuzitumia.