Deni Lililotembea Hadi Ujiji

Njia ya kati ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, husimuliwa kwa pembe za ndovu. Mimi nimeifuata kuanzia forodhani Unguja, kwa sababu mzigo mwingi ulioingia njiani ulikuwa umekwisha andikwa kwenye daftari la mkopo kabla haujapata mpagazi.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, hakuwa na watoza ushuru wake. Aliikodisha forodha: mfanyabiashara alimlipa kiasi walichopatana kwa mwaka, akakusanya ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa faida yake. Tangu miaka ya 1830 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch. Lakini anayeshika forodha huona zaidi ya ushuru. Humjua aliyeleta nguo, anayedaiwa, na ambaye pembe zake zimefika jana. Habari hizo nyumba ya Jairam ilizigeuza kuwa mtaji. Ikawakopesha wenye misafara merikani, nguo ya pamba iliyotoka Salem huko Marekani, pamoja na shanga, nyaya za shaba na baruti. Malipo yalikuwa pembe, zikipimwa kwa frasila, kipimo cha uzito, msafara ukirudi. Hivyo mpangaji wa forodha akawa pia mkopeshaji, na mwenye haki ya kwanza juu ya pembe za mdeni wake.

Bagamoyo ndipo hatari ilipobadilisha mabega. Mkopeshaji alibaki Unguja. Kiongozi wa msafara alibeba deni, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wa kulipwa ujira, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja kwa miezi kama mitatu hadi Tabora. Ugogo walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kwingine njaa au ndui iliwapunguza. Biashara ya watumwa nayo ilipita humohumo, na mikopo ile ile iliilisha.

Mwaka 1871 Mirambo, mtawala wa Urambo, aliingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na njia ya Ujiji ikafungika. Mkopeshaji angeweza kumbana mdeni, lakini mdeni aliye Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hashikiki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyekopa kwa Taria Topan, mfanyabiashara wa Unguja, aliondoka karibu na mwaka 1870 na hakurudi Unguja hadi 1882. Deni lake lilimsubiri kwa miaka hiyo yote, kwa kuwa thamani ya deni ilikuwa katika uhakika kwamba ipo siku pembe zitateremka pwani. Taria mwenyewe aliichukua forodha mwaka 1876. Jengo alilolianzisha Mizingani mwaka 1887, zahanati ya zamani ya Mji Mkongwe, bado linaonyesha ukubwa wa faida ya biashara hiyo ya mikopo.

Biashara ya mikopo haikusimama mahali pamoja. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata soko la watumwa likafungwa kwa mkataba. Wenye mashamba walihitaji fedha kuliko wakati wowote, na polepole mikopo ikaelekea kwenye rehani za mashamba ya karafuu. Daftari lilibaki, dhamana ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilikodi forodha za pwani ya bara kutoka kwa Sultani Khalifa. Kwa mkataba ilipata kile kile walichokuwa nacho kina Jairam: bandari na ushuru. Ikapandisha bendera yake, ikawaamuru wenyeji, ikadharau mamlaka yao. Kabla mwaka haujaisha viongozi wa pwani, Abushiri bin Salim na Bwana Heri, walikuwa wamewasha vita, na serikali ya Berlin ikalazimika kutuma jeshi la Hermann von Wissmann. Mwaka 1891 utawala ukatoka mikononi mwa kampuni.

Wajerumani walichukua milango, wakaacha mtandao wa madeni uliokuwa umewafunga pamoja mkopeshaji, kiongozi wa msafara na mtawala wa kila bandari. Kina Jairam hawakuwa wakarimu, na riba zao ziliumiza wengi. Lakini walielewa kwamba mdeni akianguka, nao wanapoteza. Hata leo, anayetaka kujua kama kampuni inabadilika kweli au inabadilisha jina tu, na atafute mahali hasara inapoangukia.