Ray Charles kabla ya Atlantic

Jalada la mkusanyo wa bei nafuu wa Ray Charles huonyesha miwani myeusi na tabasamu pana. Ndani, mara nyingi, mna nyimbo za 1949 hadi 1952, alizorekodi akiwa kijana kwa kampuni ndogo ya Jack Lauderdale, Down Beat, iliyokuja kuitwa Swing Time. Ulaya, rekodi zililindwa kisheria kwa miaka 50 tu. Muda ulipoongezwa hadi 70 mwaka 2013, hizi zilikuwa zimeshakuwa mali ya umma, na yeyote aliweza kuzitoa upya.

Zinafaa? Zinafaa sana, mradi mnunuzi ajue anachosikiliza. Katika "Confession Blues" ya 1949 sauti ni laini, ya kujizuia, ikifuata nyayo za waimbaji Nat King Cole na Charles Brown. Gitaa la G. D. McKee na besi ya Milton Garred zimetulia pembeni ya piano. Ule moto wa kanisani bado.

Kampuni ya rekodi ya Atlantic ilinunua mkataba wake mwaka 1952 kwa dola 2,500. Moto huo ulikuja na "I Got a Woman", iliyorekodiwa 1954.

Mkusanyo usiotaja miaka wala wapiga ala, uache dukani.