Kangal

Kangal ni mbwa mkubwa wa kulinda mifugo anayetoka nyanda za juu za Anatolia nchini Uturuki, hasa mkoa wa Sivas, ambako wilaya ya Kangal ndiyo iliyompa jina. Dume aliyekomaa hufikia kimo cha sentimita 75 hadi 80 begani, na uzito wake huvuka kilo 50. Manyoya yake ni ya kahawia iliyopauka, uso na masikio ni meusi. Wachungaji humvisha shingoni mkanda wa chuma wenye miiba inayotazama nje, ili mbwamwitu akimrukia kooni aambulie ncha. Umbo hilo na mkanda huo vimewafanya wengi waamini kwamba thamani ya Kangal ni ukali. Imani hiyo inapotosha, na mfugaji anayeifuata huweza kujiletea msiba nyumbani. Kangal hulinda kwa sababu ameshikamana na anaowalinda, na mshikamano huo hujengwa katika wiki chache za utoto wake.

Raymond na Lorna Coppinger, walioanza kuwachunguza mbwa wa aina hii katika Chuo cha Hampshire, Massachusetts, miaka ya 1970, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa anayelelewa pamoja na kondoo tangu wiki zake za mwanzo huwachukulia kuwa jamaa zake. Ndiyo maana hulazwa zizini, akanusa pumzi za mbuzi na kuzoea mlio wao. Kazi ya mchungaji kipindi hicho ni kuwa macho: mtoto wa mbwa akianza kutafuna sikio la mwanambuzi kwa mchezo, hukemewa papo hapo, kwa kuwa mchezo ukiachwa huweza kuishia kwenye kuua. Akikomaa hupigana mara chache. Hulala mahali palipoinuka, huzunguka kundi jioni, huacha harufu yake mipakani, na akihisi kitu hubweka na kusimama kati ya kundi na hatari. Mnyama mwindaji mwenye njaa hukwepa kujeruhiwa. Akiona mlinzi, mara nyingi huenda zake.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Namibia. Wafugaji huko walikuwa wakiua duma kwa wingi kuokoa mbuzi na ndama. Shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990, lilianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji hao mbwa wa kulinda mifugo wa Anatolia. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2005, asilimia 73 ya wafugaji waliojibu walisema hasara yao ilipungua sana. Hayo ni maoni yao wenyewe, si hesabu ya mizoga, lakini mfugaji anayelala na mifugo yake hahitaji kuambiwa amepoteza wangapi.

Yupo atakayesema kwamba siri ni damu ya Kangal, si malezi. Botswana inajibu: mbwa wa kienyeji waliolelewa zizini wamefanya kazi hiyo vizuri, tena kwa gharama ndogo. Hata hivyo damu haipuuzwi. Ukubwa wa Kangal na hamu yake ndogo ya kukimbiza mawindo humpa faida ya mwanzo. Bila malezi, faida hiyo hupotea.

Hoja nzito zaidi ni ya mijini, ambako mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili awe mkali. Mbwa asiyezoea watu huwa mwoga kwanza, kisha mkali, na mwoga mwenye kilo 50 hachagui kati ya mwizi na mtoto wa jirani. Kangal aliyezoeshwa wageni tangu mdogo ndiye anayeweza kutofautisha mpita njia na anayeruka ukuta. Anahitaji uwanja mpana, uzio imara na kazi. Asiyeweza kumpa hayo achague mbwa mwingine.

Gharama nayo ni ya kweli. Wachungaji wa Anatolia humlisha uji mzito wa shayiri uitwao yal, unaomtosha mbwa mzima akiongezewa maziwa au mabaki ya nyama. Kwa mtoto wa mbwa hautoshi, ila kumshibisha kupita kiasi au kumrundikia madini ya kalsiamu ni hatari zaidi: mifupa ya mbwa wakubwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, na anayekua haraka mno huharibika nyonga. Mlo wa siku ugawanywe mara mbili, kwani mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujisokota, jambo linaloua kwa saa chache asipofikishwa kwa daktari wa mifugo. Penye kupe akaguliwe masikioni na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza, kwa kuwa anayekesha akikabiliana na bweha yuko karibu na ugonjwa huo kuliko mbwa wa barazani.