Kobalti ya Katanga, maganda ya ziwani na elimu iliyo mbali

Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu na kuingia ziwa Tanganyika karibu kabisa na Uvira. Ndani ya Kivu kuna gesi ya metani. Ndani ya Tanganyika kuna diatomu, vijimea visivyoonekana kwa macho, vyenye maganda magumu yaliyojaa vitundu. Na Katanga kuna kobalti. Vitu hivi vitatu vina historia moja, ila imeandikwa mbali na hapa.

Katika miaka ya 1920, huko Mülheim Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch walipata njia ya kugeuza gesi itokanayo na makaa ya mawe kuwa mafuta ya kuendeshea gari. Siri yao ni kichocheo. Kazi yake ni kama ya mshenga: anakutanisha pande mbili, ndoa ikifungwa yeye anarudi kwake jinsi alivyokuja. Miaka ya 1930 viwanda vya Ujerumani vilitumia kobalti iliyotiwa ndani ya udongo wa maganda ya diatomu za kale.

Kwa nini udongo? Kobalti ikiwa bonge, sehemu ya nje tu ndiyo inagusa gesi. Ya ndani inapotea bure. Ikisambaa katika vitundu, chembe nyingi zinafanya kazi. Hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu huyeyusha chumvi ya kobalti katika maji, huloweka humo unga wenye vitundu, huukausha, huuchoma katika tanuru, kisha huupitishia hidrojeni. Halafu wanapima. Mwaka 1938 Brunauer, Emmett na Teller walionyesha namna ya kupima eneo la ndani ya vitundu kwa gesi ya nitrojeni, kwenye baridi kali. Gramu moja inaweza kuzidi mita za mraba 100.

Tangu 2011 kiwanda cha Pearl, Qatar, kinageuza metani kuwa mazuti kwa kichocheo cha kobalti. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo.

Huku Uvira, familia zilizokimbia vita zinapika kwa makala, na milima inabaki uchi. Madini yapo, gesi ipo, maganda yapo. Kinachokosekana ni maabara, na amani ya kusomea. Kwa hiyo kila mwaka ambao mtoto wa mkimbizi anakosa darasa, nchi inapoteza mtu ambaye angeweza kuandika sehemu inayofuata ya historia hii.